Kubadili wiki ya taimusheya kwa safari ya meli: unachopewa ni punguzo, si safari

Mwenye wiki ya taimusheya, yaani haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa wiki moja kila mwaka, akiambiwa kwamba anaweza kuibadilisha apate safari ya meli ya kitalii, picha inayomjia ni ya kitu kwa kitu: natoa siku saba za nyumba yangu, napewa siku saba za baharini. Ukibadilisha nyumba kwa nyumba, mambo yanakwenda hivyo. Kwa meli hayaendi hivyo. Kampuni ya kubadilishana inaichukua wiki yako, inaipangia thamani kwa dola, inaikata thamani hiyo kwenye bei ya meli, na kilichobaki unakilipa mwenyewe. Kinachobaki karibu kila mara ndicho kikubwa.

Tathmini hii ni ya huduma hiyo kama inavyotolewa na kampuni mbili kubwa za kubadilishana, RCI na Interval International, pamoja na vilabu vya pointi kwa kiasi kidogo, yaani vile ambavyo mwanachama hupewa pointi za kulipia malazi badala ya wiki maalumu. Hukumu yetu tunaitoa mapema ili asiyekuwa na muda aishie hapa: ukiwa na wiki nzuri, usiipeleke kwenye meli. Ukiwa na wiki dhaifu au iliyobakiza miezi michache kuisha muda wake, huduma hii inaweza kukuokolea kitu, mradi ukague hesabu mwenyewe kabla ya kutoa namba ya kadi.

RCI ilianzishwa mwaka 1974 huko Indianapolis, na Interval ikafuata mwaka 1976. Zote mbili zilizaliwa kwa kazi moja, kumkutanisha mwenye nyumba hapa na mwenye nyumba kule, na kwa kazi hiyo bado zina manufaa. Meli, hoteli, gofu na ziara za kuongozwa zimeongezwa pembeni. Interval inayo Interval Options, ambayo ni ya wanachama wa ngazi za juu ya ile ya kawaida: unatoa wiki, unapunguziwa bei ya meli, hoteli au ziara. Kwa RCI, amana, yaani wiki au pointi ulizokwisha kuwakabidhi, hutumika vivyo hivyo kupunguza bei ya meli. Majina ya mipango na ngazi za uanachama hubadilika, lakini utaratibu wa ndani ni uleule.

Punguzo lenyewe linatoka wapi? Ukishalijua hili, mengine yote yanaeleweka. Kampuni za meli humlipa wakala anayewauzia safari kamisheni ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 10 ya nauli na kupanda kadiri wakala anavyouza zaidi. Kamisheni hiyo haihesabiwi kwenye kodi wala ada za bandari, na kuna kipande cha nauli ambacho kampuni za meli hukitenga nje ya kamisheni. Sasa, dawati la meli la kampuni ya kubadilishana ni wakala kama mawakala wengine. Likikukatia dola mia kadhaa, sehemu ya pesa hiyo ni kamisheni yake linayokugawia. Sehemu nyingine inatoka kwenye wiki yako, ambayo tangu dakika uliyoitoa ni mali yao: wanaweza kumpa mwanachama mwingine anayelipa ada ya kubadilisha, au kuipangisha kwa pesa. Interval huita upangishaji huo Getaways, RCI huuita Extra Vacations. Wakala wa mtaani ambaye hajawahi kuiona wiki yako naye ana kamisheni ya kukugawia, na hakuombi wiki. Huyo ndiye mshindani wa kweli wa huduma hii, na bei yake ndiyo ya kupima nayo.

Tuiangalie ankara moja kwa karibu. Namba hizi ni za mfano, ila mpangilio wa mistari ndio utakaokutana nao. Watu wawili, usiku saba, kabini yenye roshani:

Nauli, dola 950 kwa kila mtu: 1,900
Kodi na ada za bandari: 280
Jumla kabla ya wiki: 2,180
Thamani ya wiki uliyotoa: kutoa 400
Ada ya kubadilisha: kuongeza 230
Jumla ya kulipa: 2,010

Mstari unaoandikwa kwa herufi nene ni ule wa kutoa 400. Mstari wa ada ya kubadilisha hukaa chini, na mara nyingine hauonekani kabisa mpaka ukurasa wa malipo. Ukiunganisha hiyo miwili, wiki yako imekupunguzia dola 170. Halafu mpigie wakala mwingine, umtajie meli ileile, tarehe ileile na daraja lilelile la kabini. Akikuambia 2,180 na juu yake anakuwekea salio la dola 100 la kutumia melini, tofauti kati ya kutoa wiki na kutoitoa imebaki dola 70. Wiki hiyohiyo umeilipia ada ya matengenezo, na kwa Marekani wastani wa ada hiyo umekwishapita dola 1,000 kwa mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye taimusheya daftari lenyewe ni mstari huu: ada ya matengenezo, jumlisha ada ya kubadilisha, kisha linganisha na punguzo halisi. Pesa uliyotoa siku ya kununua hata usiiguse, hiyo ilishakwenda.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye ankara hii wala ya wakala mwingine, kwa hiyo hazibadilishi ulinganisho, ila hubadilisha safari yenyewe. Bakshishi ya kila siku ni ya kwanza. Kwenye meli za kampuni kubwa za Kimarekani, kwa kabini za kawaida, ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Kwa wawili, usiku saba, kwa dola 18, ni dola 252. Inakatwa yenyewe kwenye akaunti ya melini kama hukuilipia mapema. Vinywaji, intaneti na matembezi ya bandarini vinafuata. Aliyezoea taimusheya, ambako ukishalipa ada unaingia na mfuko wa mchele unajipikia, hushtuka akiona bili ya siku ya mwisho.

Hapo ndipo penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, linapaswa kusemwa mwanzo wa kila mazungumzo ya kubadilisha wiki kwa meli. Nyumba ya taimusheya ya vyumba viwili hulaza watu sita, ina jiko, friji na mara nyingi mashine ya kufulia. Kabini ya kawaida ya meli ina mita za mraba 15 hadi 18, na bei yake inatangazwa kwa kila mtu kwa hesabu ya watu wawili ndani ya kabini. Familia ya watu sita inahitaji kabini mbili au tatu. Punguzo la wiki moja kwa kawaida ni la kabini moja, na kabini nyingine utailipia kamili. Kwa hiyo wiki iliyokuwa inatosha kulaza ukoo mzima imegeuka punguzo la watu wawili. Msafiri wa peke yake naye yuko pabaya, kwa sababu kampuni nyingi za meli humtoza nauli ya mtu wa pili ambaye hayupo, na punguzo lote linamezwa na nyongeza hiyo.

Thamani ya wiki inapangwaje? Interval ina kipimo cha msimu kinachoitwa Travel Demand Index, ambacho 100 ndiyo wastani: juu ya hapo mahitaji ni makubwa, chini ya hapo ni madogo. Ukubwa wa nyumba na hadhi ya hoteli ya likizo vinaongezwa. RCI humwonyesha mwanachama wa wiki namba moja ya nguvu ya kubadilishana ambayo tayari imechanganya vitu hivyo pamoja na umapema wa kuweka amana. Kwenye kubadilisha nyumba kwa nyumba, tofauti kati ya wiki kali na wiki dhaifu ni kubwa mno: moja inapata nyumba ya ufukweni kipindi cha shule kufungwa, nyingine haipati. Kwenye meli, tofauti hiyo hubanwa ikawa nyembamba. Wiki ya kilele inaweza kupewa dola chache tu zaidi ya wiki ya msimu wa mvua, kwa kuwa dari ya punguzo inaamuliwa kwa sehemu na kile ambacho nauli ya meli inaweza kubeba. Nauli ikiwa ndogo, hata wiki ya dhahabu haina pa kukata. Ndiyo sababu safari fupi za usiku tatu au nne hazifai kabisa kwa mpango huu: ada ya kubadilisha hula karibu punguzo lote. Kama ni lazima utoe wiki, ipeleke kwenye safari ndefu au kabini ya juu, ambako nauli ni kubwa na punguzo lina nafasi.

Muda nao una kanuni zake. Kwa Interval, njia ya kutoa wiki kwanza inataka uitoe si chini ya siku 60 kabla ya wiki kuanza. Ukichelewa unaingia kwenye utaratibu wa dakika za mwisho, na machaguo yanapungua. Kwa RCI, nguvu ya amana hupungua kadiri tarehe ya wiki inavyosogea, kwa hiyo wanaoweka miezi tisa au zaidi kabla hupata namba bora kuliko wanaoweka mwezi mmoja kabla. Kwa zote mbili, hoteli ya likizo lazima ithibitishe kwamba wiki ni yako na ada ya matengenezo imelipwa. Wiki ya mwaka ujao unaweza kuitoa, ila utatakiwa kulipia ada ya mwaka ujao mapema. Watu wengi hukwama hapa: wamepata meli, bei imeshikiliwa kwa siku moja, halafu hoteli ya likizo inachukua siku kadhaa kuthibitisha. Bei inapotea. Weka wiki kwanza, subiri ionekane kwenye akaunti yako, ndipo uanze kutafuta meli.

Uliza pia jambo hili kwa maneno yasiyo na utata: tarehe ya mwisho ya amana yangu ni ya kukata tiketi au ni ya meli kung'oa nanga? Mipango inatofautiana, na safari za meli huuzwa mwaka mmoja hadi miwili kabla. Amana inayokufa Septemba inaweza kuwa bado na nguvu kwa safari ya Januari ukiikata Agosti, au inaweza isifae kitu. Jibu la simu halitoshi. Omba waliandike kwenye barua pepe.

Siku ya kuomba bei, fungua tovuti ya kampuni ya meli upande mmoja na ukurasa wa kubadilishana upande wa pili. Andika jina la meli, tarehe, bandari ya kuanzia, na msimbo wa daraja la kabini, ile herufi yenye tarakimu inayoonekana kabla hujachagua namba ya chumba. Neno "roshani" peke yake halitoshi. Meli moja ina madaraja mengi ya roshani, na tofauti kati ya ya chini nyuma ya boti za uokoaji na ya katikati ghorofa za juu ni mamia ya dola. Angalia pia kama bei uliyopewa ni ya kabini uliyoichagua au ni ile ambayo unalipia daraja tu na kampuni ya meli itakupa namba yoyote baadaye. Bei ya namna hiyo ya pili ni rahisi zaidi, na ukiilinganisha na bei ya kabini iliyochaguliwa, utadhani wiki imekusaidia wakati haijakusaidia.

Linganisha jumla kwa jumla. Tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria ya California ilipoanza kutaka ada za lazima ziwemo kwenye bei inayotangazwa, kampuni kubwa za meli zinazouza Marekani zilianza kuonyesha bei yenye kodi na ada za bandari ndani yake. Kwenye masoko mengine na kwenye karatasi za baadhi ya mawakala, nauli bado huandikwa peke yake. Mtu akiweka nauli tupu yenye punguzo la wiki kando ya bei kamili ya kampuni ya meli, ataona tofauti ya kupendeza ambayo haipo.

Kisha kuna bei ambazo huenda usiruhusiwe kuzichanganya na wiki: bei za wasafiri wa zamani wa kampuni hiyo ya meli, za wazee, za wakazi wa eneo fulani, na za kujaza meli wiki chache kabla haijaondoka. Kama umewahi kusafiri na kampuni hiyohiyo, toa namba yako ya uanachama wao na uulize bei mara mbili, mara moja ukiwa na wiki na mara moja bila wiki. Isishangaze bila wiki ikawa chini.

Yanayoharibika baada ya kukata tiketi ni machache, lakini yanauma. La kwanza ni mawasiliano. Tiketi iliyokatwa na wakala inashikiliwa na wakala, na ukiipigia kampuni ya meli kubadilisha kabini au kurekebisha jina watakurudisha kwa wakala. Dawati la kubadilishana likiwa limefunga, unasubiri. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na yakaguliwe siku ileile.

La pili ni kughairi safari. Kwa safari za wiki nzima, malipo ya mwisho kwa kampuni nyingi kubwa hudaiwa siku 90 hivi kabla ya kuondoka. Kabla ya hapo kwa kawaida unarudishiwa, ukiacha tiketi zilizouzwa kwa sharti la kutorudishwa kianzio. Baada ya hapo makato hupanda kwa ngazi, nusu ya nauli, robo tatu, hadi yote. Hayo ni makato ya meli. Wiki yako ina sheria zake za pili: inaweza kurudi kwenye akaunti ikiwa na tarehe ileile ya kufa, inaweza isirudi kabisa, na ada ya kubadilisha kwa kawaida hairudi. Usidhani bima itaziba pengo. Bima ya safari hulipa pesa ulizolipa na unazoweza kuzithibitisha kwa risiti, na thamani ya wiki mara nyingi haimo humo. Mtu aliyelipa dola 2,010 anaidai bima dola 2,010. Wiki imekwenda na maji.

La tatu ni watu. Mwenye taimusheya amezoea kubeba mtoto mchanga na mjamzito bila kuuliza. Kampuni nyingi kubwa za meli hazimpokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu hutaka afike miezi 12. Hazimpokei pia mjamzito atakayefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Kwenye meli nyingi zinazoondoka Marekani, kila kabini inatakiwa iwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, ingawa wazazi walio kwenye kabini ya jirani huruhusiwa kuwaweka watoto kwenye kabini yao peke yao. Haya yote uyajue kabla hujaitoa wiki, maana ukiyajua bandarini hakuna wa kumlaumu.

La nne ni viza. Meli ikitoka nchi moja ikaenda nyingine na kurudi, umetoka na kuingia tena. Ratiba ya Mediterania inayogusa nchi za Schengen, kisha Uturuki, kisha Schengen tena, inataka viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Dawati la kubadilishana halikuulizi hilo, na meli ikikukatalia kupanda kwa sababu ya karatasi, hilo si kosa lao kwa mujibu wa mkataba.

Basi, ni lini huduma hii inafaa? Inafaa pale ambapo wiki imeshalipiwa, haiwezi kutumika, haipangishiki, na imebakiza miezi michache. Hapo ada ya matengenezo tayari imezama, na swali linabaki moja: punguzo likitolewa ada ya kubadilisha, kinabaki kitu? Kikibaki dola 150, ni dola 150 ambazo zingepotea. Inafaa pia kampuni inapotoa ofa maalumu za muda mfupi, ambako thamani ya wiki hupandishwa kwa safari chache zilizotajwa kwa tarehe. Ofa za namna hiyo zipo, na baadhi ni nzuri kweli, hasa kwa kabini nyingi zilizochukuliwa kwa pamoja kwa bei ya kundi. Na inafaa kwa mwenye amana kadhaa ndogo ambazo hakuna inayotosha kupata nyumba ya maana. RCI huruhusu kuziunganisha kwa ada. Ila hata huyo, kabla ya kuzipeleka melini, aangalie kwanza nyumba gani zitapatikana kwa hizo amana zikiwa pamoja. Mara nyingi ni nyumba ya thamani kubwa kuliko punguzo la meli.

Kwa mwenye wiki yenye nguvu, ushauri wetu ni tofauti kabisa: ipangishe, na kwa pesa hiyo kata tiketi ya meli popote penye bei nzuri. Wiki ya kilele ikipangishwa kupitia soko kama RedWeek, au kwa ofisi ya upangishaji ya hoteli yenyewe, inaweza kurudisha ada ya matengenezo yote na kuzidi. Kazi ipo: hakikisha sheria za hoteli zinaruhusu kupangisha, weka jina la mpangaji kwenye uhifadhi mapema, andikeni mkataba unaotaja kurudisha au kutorudisha pesa, na anza miezi tisa hadi kumi na miwili kabla, maana wanaotafuta wiki za kilele hawasubiri mwezi wa mwisho. Ukishindwa kuipangisha hadi miezi mitatu kabla, bado unayo nafasi ya kuiweka kama amana. Anayeanza kwa kuitoa kwa ajili ya meli hana nafasi ya kurudi nyuma.

Vilabu vya pointi vinastahili neno lao. Maelezo ya mauzo huonyesha meli kwenye kurasa za mbele, na ni kweli pointi zinapokelewa, lakini kiwango cha kubadilisha pointi kuwa dola za meli huwa chini ya kile ambacho pointi hizohizo zingelaza watu kwenye nyumba za klabu. Mfano ulio wazi ni Disney Vacation Club, ambayo mwanachama wake anaweza kutumia pointi kwa safari za Disney Cruise Line. Safari hizo hula pointi nyingi mno, kiasi kwamba wanachama wazoefu hushauriana kupangisha pointi na kulipia meli kwa pesa. Tena pointi zilizonunuliwa kwa mmiliki wa awali badala ya kampuni yenyewe, kuanzia tarehe 21 Machi 2011, hazitumiki kwa meli kabisa. Anayenunua taimusheya ya mkono wa pili kwa sababu ya ahadi ya meli asome kifungu hicho kwanza kwenye klabu yoyote, kwa kuwa haki za ziada mara nyingi hazimfuati mnunuzi wa pili.

Hoteli, gofu na spa hatuna mengi ya kuzisemea. Hoteli ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu bei za hoteli ziko wazi mtandaoni na dakika tano zinatosha kuona kwamba punguzo halifiki popote. Ziara za kuongozwa zina afadhali kidogo kwa sababu nauli yake ni kubwa, ila ulinganisho ni uleule: jumla kwa jumla, tarehe ileile.

Simu zinazoingia zenyewe ni habari nyingine. Mtu anakupigia, anajua unamiliki wiki wapi, anakuambia ataichukua taimusheya yako yote akupe vocha za meli, au anakupa meli ya bure na wewe ulipie kodi za bandari tu. Mwaka 2015 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 10 ilizifikisha mahakamani kampuni zilizokuwa zikipiga simu za mashine za kura za maoni za kisiasa, zikimalizia kwa kuuza safari za Bahamas zilizoitwa za bure. Kampuni halali ya kubadilishana haiombi ada ya kuhamisha umiliki wako ili ikupe safari. Ukisikia hivyo, kata simu, na uanachama wako ukague kwa kupiga namba iliyo nyuma ya kadi.

Kwa aliyekwisha kutoa wiki na kukata tiketi, kazi haijaisha. Kati ya siku ya kianzio na siku ya malipo ya mwisho, bei ya kabini hupanda na kushuka. Iangalie kila wiki kwenye tovuti ya kampuni ya meli, kwa daraja lilelile. Ikishuka, mpigie wakala wa dawati la kubadilishana siku hiyohiyo na uombe bei mpya kabla haijapanda tena, huku ukiuliza kwanza kama kupangiwa bei upya kutaiondoa thamani ya wiki iliyokwisha kukatwa. Wakikubali, dai ankara mpya, na mstari wa wiki uusome tena kabla hujakata simu.